Sisi Tulioambiwa Hatuna Diski

Tuseme mapema: diski tunazo. Tumezilipia, ziko ndani ya laptopu zetu, na nyingine zilikuwa zinafungua barua na picha asubuhi ya siku hiyohiyo. Lakini tukichomeka flashi ya Windows, tukapita kwenye lugha, tukapita kwenye masharti ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma, tukafika pale pa kuchagua pa kuiweka, tunaletewa sanduku lisilo na kitu na sentensi moja ya adabu: hatukupata diski yoyote, kama unataka draiva bonyeza hapa upakie. Draiva ipi? Haisemi. Inapatikana wapi? Haisemi. Kuna kitufe, na ukikibonyeza kinakuuliza wewe folda iko wapi, wewe uliyekuja pale kuuliza.

Na sisi tunaolalamika si wataalamu. Ni wenye steshenari za jirani na chuo, walimu tuliokabidhiwa maabara ya kompyuta kwa sababu tuliwahi kuonekana tukiwasha projekta, wanachuo tulionunua laptopu kwa boom la kwanza la mkopo wa chuo, makarani wa ofisi zisizo na mtu wa kompyuta, na yule kijana wa kila mtaa anayesemwa "anajua kompyuta", cheo kisicho na mshahara ila kina wateja hadi saa tano usiku. Kupiga Windows tulijifunza kwa kutazama wenzetu. Hatua zote tulizijua, tukazizoea, tukawa tunazifanya huku tunasonga ugali. Sasa tunakwama mahali ambapo zamani palikuwa pa kubonyeza tu na kuendelea.

Wengi wetu mkasa ulituanzia dukani. Ukiingia Kariakoo, au ukiwa Nairobi upande wa Moi Avenue, utaoneshwa laptopu mbili za sura moja. Moja ina Windows, nyingine ina FreeDOS, na hii ya pili bei yake imeshuka kidogo. FreeDOS ni mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka 1994. Una watu wake na heshima yake, lakini kwa mwanachuo wa leo ni skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Muuzaji hana wasiwasi. "Chukua hii, bosi wangu. Windows utapigiwa hapo nje, ni dakika ishirini tu." Unachukua. Unatoka nje kwa fundi. Dakika ishirini zinapita, inapita saa, na fundi anaanza kukuuliza maswali yasiyokuwepo kwenye mazungumzo ya dukani: risiti unayo? Waliifungua mbele yako?

Kinachotusumbua kina jina, VMD. Intel waliipeleka kwanza kwenye seva, kwa prosesa za Xeon za mwaka 2017, na huko ina kazi ya maana. Diski nyingi za NVMe zinakaa chini ya prosesa moja kwa moja. Mtaalamu anachomoa iliyoharibika bila kuzima seva. Taa ya diski mbovu inawaka ili asije akachomoa nzima. Na diski kadhaa zinaungwa kuwa kundi moja la RAID bila kununua kadi ya ziada. Hayo ni mambo ya chumba chenye kiyoyozi na jenereta. Mwaka 2020 prosesa za Core za kizazi cha 11 zilipotoka, VMD ikateremka nazo mpaka kwenye laptopu za kuandikia barua za maombi ya kazi, na watengenezaji wengi wakaiacha imewashwa tangu kiwandani. RAID inataka angalau diski mbili. Laptopu nyingi tunazozimudu sisi zina nafasi ya diski moja. Kwa hiyo tumefungiwa kifaa cha kusimamia kundi kwenye nyumba ya mtu mmoja, na hakuna aliyetuuliza.

VMD ikiwa imewashwa, diski haijioneshi yenyewe. Ni sawa na mpangaji wa chumba cha uani: mgeni akipiga hodi anatoka mwenye nyumba, na mgeni asiyejua kuongea na mwenye nyumba huyo ataondoka akisema humu hamna mtu. Anayejua kuongea naye ni draiva ya Intel iitwayo RST. Windows ya kwenye flashi yetu, ile ya 10 na mara nyingi ya 11 pia, haikuja nayo. Windows iliyotoka kiwandani ilikuja nayo kwa sababu mwenye kiwanda alishaipachika humo ndani. Ndiyo maana laptopu inayokwenda vizuri kabisa, ukiifuta tu ili uanze upya, inakana diski yake mwenyewe.

Hapa ndipo hasira yetu ilipo, na tunaomba tueleweke vizuri. Hatukasiriki kwa sababu draiva haipo. Vifaa vinazaliwa kila mwaka, na hakuna mfumo utakaovijua vyote. Tunakasirika kwa sababu kisakinishi kinajua kinachokikwamisha na hakitaki kusema. Kila kifaa kilichoungwa kwenye ubao mama kwa njia ya PCI kina namba mbili, ya mtengenezaji na ya kifaa chenyewe. Namba ya Intel ni 8086, ukumbusho wa prosesa yao ya mwaka 1978. VMD ya kizazi cha 11 hujitaja kwa 9A0B. Windows inazisoma namba hizo. Ndizo inazolinganisha na zilizoandikwa ndani ya mafaili ya draiva ili kujua ipi ni ya nani. Maana yake, wakati inatuambia haikuona diski, imeshaliona lango la diski na namba ya mlangoni imeshaisoma. Ingeweza kuandika: nimekuta VMD ya Intel, draiva yake sina, kaitafute kwa Intel. Mstari mmoja. Badala yake tunapewa habari ya msiba.

Na wala wasituambie Windows 10 ni ya mwaka 2015 na haikuwa na habari. Toleo lake la mwisho, 22H2, lilitoka Oktoba 2022, miaka miwili baada ya kizazi cha 11 kuingia madukani.

Msiba huo una gharama, tena haiwahusu walioandika sentensi ile. Mazungumzo yanayofuata tunayajua kwa moyo, kila mtaa yanafanana.

"Fundi, imekuwaje?"

"Mama yangu, hadi diski imekufa."

"Imekufa vipi, na juzi nimeandikia barua?"

"Ndivyo zilivyo hizi za siku hizi, mama. Hazina dalili."

Fundi hadanganyi. Anasoma alichoandikiwa. Mama anatoa fedha, au anakwenda kukopa kwenye kikoba, inanunuliwa SSD mpya, inafungwa, flashi inachomekwa tena, na sanduku ni lilelile tupu. Hapo sasa fundi anahamia kwenye ubao mama. Kuna laptopu zimelala kabatini hadi leo zikiitwa mbovu, na ugonjwa wake wote ni mstari mmoja kwenye bayosi.

Basi tupeane hili kabla ya kuendelea kulalamika, kwa sababu lingetolewa mapema lingeokoa fedha nyingi. Usikiamini kisakinishi kabla ya kuiuliza bayosi, ile programu inayoamka kabla ya Windows. Zima, washa, bonyeza F2, au F10, au Delete, kila kampuni na kitufe chake (hilo nalo lingestahili malalamiko yake peke yake), uangalie orodha ya vifaa. Kama jina la diski na ukubwa wake vimeandikwa pale, diski haijafa; kinachokosekana ni draiva, au kuna mpangilio wa kubadilisha. Kama bayosi nayo haioni kitu, hapo fungua mfuniko: labda imelegea kwenye tundu, labda skrubu yake haikukazwa, labda kweli imekufa. Au labda umeuziwa ya aina isiyo yake. SSD za M.2 zinafanana kwa umbo, lakini kuna zinazoongea SATA na zinazoongea NVMe, na kuna matundu yanayokubali lugha moja tu. Zenye mipasuko miwili kwenye meno mara nyingi ni za SATA. Za NVMe kwa kawaida zina mmoja. Muuzaji atakwambia zote ni M.2. Hajadanganya.

Dawa yenyewe ipo, na ni ya bure. Unaingia kwenye tovuti ya Intel, unapakua kifurushi cha RST cha kizazi cha prosesa yako, maana cha kizazi cha 11 si lazima kikubali cha 14. Unapata faili liitwalo SetupRST.exe. Ukilinakili kwenye flashi kama lilivyo, umepoteza muda, kwa sababu kisakinishi kinatafuta mafaili ya .inf na hayo yamefungiwa ndani yake. Inabidi ufungue dirisha la amri, uandike SetupRST.exe -extractdrivers na jina la folda, ndipo mafaili yamwagike. Unaipeleka folda kwenye flashi, unarudi kwenye lile sanduku tupu, unabonyeza kitufe cha kupakia draiva, unaionesha folda ya VMD. Diski inatokea palepale, na ukubwa wake, na vigawanyo vyake vyote, haijapungukiwa na kitu.

Vizuri. Sasa hebu turudie hatua hizo tukiwa sisi. Tovuti ya Intel unaifungulia wapi, na laptopu yako ndiyo hiyo iliyolala? Dirisha la amri unalifungua kwenye Windows ipi? Dawa ya kompyuta isiyowaka inahitaji kompyuta inayowaka, pamoja na bando, na bando hilo limeshaliwa na Windows yenyewe, ambayo siku hizi ni zaidi ya GB 5. Mwenye ofisi ya watu wa kompyuta haoni shida hiyo, ana mashine nyingine pembeni. Mwalimu wa shule ya kata ana simu.

Wengine wanatuambia, kwa nini muhangaike, zimeni VMD kwenye bayosi. Ni kweli, kwa laptopu mpya isiyo na kitu ndiyo njia fupi, na wengi wetu ndiyo tunayoitumia. Ila tuulize mpangilio huo uko wapi. Kuna bayosi zilizouandika wazi. Kuna zinazouita RAID na AHCI (AHCI ndiyo hali ya diski kujionesha yenyewe), ukisoma hujui kama ndio huo. Kuna kampuni iliyouficha kabisa, hauonekani mpaka ukae kwenye ukurasa wa bayosi uitwao Main ubonyeze Ctrl na S kwa pamoja. Nani huyo atakayebonyeza Ctrl na S kwa bahati? Na kuna laptopu ambazo mpangilio huo haupo, wazi wala fichoni, na dawa inabaki ni draiva tu.

Tena njia fupi hiyo ina shimo. Kama ndani kuna Windows iliyosakinishwa VMD ikiwa imewashwa, ukiizima tu, Windows hiyo itakuonesha skrini ya bluu na kudai haiifikii diski ya kuwakia. Ilitakiwa upitie hali salama kwanza, jambo ambalo pia halijaandikwa popote karibu na swichi yenyewe. Na kama diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, mara nyingi bila mwenyewe kujua, kugusa bayosi kunaweza kuleta ombi la ufunguo wa tarakimu 48. Mteja anakutazama, unamtazama. Hakuna kati yenu aliyewahi kuuona ufunguo huo.

Mabaya zaidi hufuata hapo. Mtu aliyechoka huanza kujaribu kila alichosikia. Anabonyeza Shift na F10, anafungua diskpart, anaandika amri ya kusafisha diski kwa sababu kuna aliyemwambia inasaidia. Kwa tatizo la diski iliyogoma kwa sababu ya mpangilio wa MBR na GPT, kweli inasaidia. Kwa tatizo letu haisaidii lolote, kwa vile diskpart nayo haiioni diski iliyofichwa. Inaona flashi, na kama kuna diski nyingine imechomekwa pembeni, inaiona hiyo. Ndiyo inayosafishwa. Picha za harusi, mitihani ya muhula, kitabu cha wadeni wa duka, vyote kwaheri, na laptopu bado inasema haina diski.

Wazee wetu wa kazi wanatucheka. Wanasema hili si geni, na wana haki. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa ikikutana na diski za SATA zilizowekwa kwenye AHCI inapiga skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Tiba yake ilikuwa ubonyeze F6 mapema, kisha uipe draiva kwenye flopi. Flopi tu, si kitu kingine, kwenye laptopu ambazo zilishaacha kuja na mlango wa flopi. Alama ya enzi hizo bado ipo: draiva ya Intel ya VMD imewahi kutolewa ikiwa na jina f6vmdflpy, herufi za flopi kwenye kifaa cha mwaka 2020. Halafu ikaja Windows 7 ya mwaka 2009, ambayo haikuzaliwa na habari ya USB 3.0 wala ya NVMe. Ukiichomeka kwenye tundu la bluu inaanza vizuri, ikifika katikati inadai draiva, na flashi iliyokuwa ikisomwa dakika moja nyuma haionekani tena, kibodi imekufa, kipanya kimekufa. Zaidi ya miaka ishirini, sanduku ni lilelile, limebadilishwa rangi.

Ila hatukubali kwamba kwa kuwa ni la zamani basi tunyamaze. Mwaka 2016 laptopu ya Lenovo iitwayo Yoga 900 ilikuwa haioneshi diski kwa Linux, kwa sababu bayosi yake iliachwa kwenye RAID bila chaguo la AHCI. Watumiaji walipiga kelele, habari zikasambaa duniani, na mwaka huohuo kampuni ikatoa bayosi nyingine yenye AHCI kwa ajili ya watu wa Linux. Hao Linux wenyewe walikuwa na draiva ya VMD ndani ya kiini chao tangu toleo la 4.5, mwaka huohuo wa 2016. Mradi wa programu huria uliweza. Na kisakinishi cha Ubuntu, ambayo nayo ni Linux, kikikuta RST inayoficha diski, kinakwambia kwa jina kwamba kompyuta hii inatumia RST, izime kwanza ndipo uendelee. Kumbe huo mstari mmoja tunaoulilia unaandikika.

Kwa nini tunalisema sasa? Kwa sababu Oktoba 14, 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifika mwisho, na steshenari zetu zikajaa watu walioona onyo kwenye skrini. Wenye mashine za zamani wanaambiwa Windows 11 haiwataki kwa sababu ya prosesa au chipu ya usalama ya TPM. Wenye mashine mpya, ndio hao wa kizazi cha 11 na kuendelea, inawataka, wanakuja na furaha, tunachomeka flashi, na wao ndio wanaokutana na sanduku tupu. Ukishalivuka, Windows 11 inadai intaneti ndipo imalize, huku draiva ya Wi-Fi nayo haina. Hilo tunaliweka kiporo, maana tukilianza hatulali.

Tunachotaka si kikubwa. Mtengenezaji anayeuza laptopu bila Windows aiache VMD imezimwa, au aweke folda ya draiva humohumo kwenye diski na karatasi inayosema ipo. Mwenye kisakinishi ataje kifaa alichokiona badala ya kutangaza kifo. Anayeficha mpangilio wa bayosi nyuma ya Ctrl na S aeleze anamficha nani. Na wauzaji wetu, kabla ya kutuambia dakika ishirini, wawashe laptopu moja ya aina hiyo waipige Windows wenyewe pale kaunta, mbele ya foleni.

Waliokwisha kununua SSD ya pili walijaribu kuirudisha. Chini ya risiti pameandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na muuzaji akaongeza, kwa upole, kwamba diski aliyouza haina kosa lolote. Sasa wanauziwa kasha la USB la kuitia ndani wawe wanabebea sinema. Kasha nalo kuna la SATA na la NVMe, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa.